Pumzi za dakika ya 80 haziuzwi dukani

SIMBO, KIGOMA. UKITAKA kujua nani atashinda mechi ya mchangani, usihangaike na dakika ya 30. Subiri dakika ya 70, kisha angalia mikono ya wachezaji iko wapi. Timu yenye mikono magotini imeshakwisha, hata kama inaongoza.

Jioni hiyo pale Simbo, mikono ya winga wa kushoto ilikuwa magotini.

Kipindi cha kwanza alikuwa moto. Beki wa kulia wa wapinzani alipigwa chenga mbili za aibu mpaka wazee waliokaa chini ya michikichi wakasimama. Krosi tatu, moja ikazaa bao. Halafu ikaja dakika ya 70 na yule dogo akawa mtu mwingine kabisa. Mpira unapita mita tatu mbele yake, anautazama tu kama abiria aliyeachwa na basi.

“Huyu ana kila kitu,” aliniambia mwalimu wake, mtu mzima ambaye pale uwanjani wote wanamwita Mwalimu, hata wale ambao hajawahi kuwafundisha. “Ila ikifika sabini anazima kama simu.”

Na mwezi ujao dogo ana majaribio mjini. Watu wa majaribio hawakuangalii dakika 30 wakaondoka. Wanakuangalia ukishachoka.

Mapumziko yalipofika nilikuwa nimemfuata. Nikamuuliza amekula nini tangu asubuhi. Chai ya rangi na chapati moja, saa mbili. Baada ya hapo alikuwa kwenye kazi ya kukamua mawese mpaka saa nane, na jana yake alicheza mechi nyingine kijiji cha jirani, dakika zote 90. Halafu akaingiza mkono kwenye bukta akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani kulikuwa na vidonge vya rangi ya chungwa, vile vya kutafuna, vitamini C. Alikuwa ameshatafuna sita.

“Vinasafisha damu, kaka. Pumzi haikati.”

Sikumcheka. Mimi mwenyewe enzi zangu nilitafuna vile vidonge kama karanga, tena kwa kujificha ili beki mwenzangu asijue siri. Sikuwahi kumaliza mechi nikiwa na pumzi, lakini sikuwahi kuvilaumu vidonge. Nililaumu viatu.

MSWEDEN NA SINDANO YAKE

Watu wa Kigoma wanajua vizuri dakika za jioni zina uzito gani. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ililetwa hapa, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Mkongomani Mukoko Tonombe akaonyeshwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, Yanga wakabaki kumi. Walikaza. Waliendelea kukaza. Zikiwa zimesalia kama dakika kumi, Mganda Taddeo Lwanga akaruka juu kwenye kona, kichwa, 1-0, kombe likaenda Msimbazi. Sisemi bao lile lilitokana na uchovu, kona ni kona na mtu mrefu ni mtu mrefu. Lakini hakuna shabiki aliyekuwa pale asiyejua kwamba kumi kukimbia kazi ya kumi na moja kuna bei yake, na bei inalipwa jioni.

Sasa swali: kinachokwisha mwilini ni nini hasa? Tunasema pumzi, lakini mapafu ya winga wa Simbo hayana tatizo lolote. Dakika mbili akiwa amekaa anaongea vizuri tu. Kilichokwisha kipo kwenye mapaja.

Mtu aliyetusaidia kuyafahamu mapaja ya wachezaji ni Msweden mmoja aliyeitwa Bengt Saltin. Alianzia kazi Stockholm, baadaye akahamia Copenhagen, Denmark, na mpaka anafariki mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa duniani kwenye elimu ya misuli inayofanya kazi. Enzi zake ndipo ilipoanza kutumika sindano nene inayochomwa kwenye paja na kutoa kipande kidogo cha nyama ya mtu aliye hai, kama punje ya mchele. Inatisha kuisikia, lakini kabla yake ilikuwa vigumu sana kujua ndani ya msuli wa mchezaji kumebaki nini.

Mwaka 1973 Saltin alichapisha jambo ambalo kila mwalimu wa ndondo angepaswa kulijua. Aliwachukua wachezaji wachache wa soka, akapima akiba ya sukari kwenye mapaja yao. Akiba hiyo inaitwa glaikojeni. Ni wanga uliokula jana na leo, umehifadhiwa ndani ya msuli wenyewe. Baadhi waliingia uwanjani wakiwa na akiba ya kawaida. Wengine walikuwa wamefanya mazoezi makali siku moja kabla, kwa hiyo waliingia na nusu ya akiba ya wenzao.

Wenye akiba walikimbia kama kilomita 12 kwenye mechi nzima. Wasio na akiba hawakufika hata kumi. Na katika umbali waliokwenda, nusu nzima walitembea. Kufika mapumziko, mapaja yao yalikuwa karibu matupu.

Nikawaza yule dogo. Jana dakika 90, leo asubuhi mawese, chapati moja. Huyo hakuingia uwanjani na nusu ya akiba. Pengine aliingia na robo.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2006, vijana wa Copenhagen wakiongozwa na Peter Krustrup walirudia jambo hilo kwa kina zaidi. Hawakwenda kwa mastaa. Walichukua wachezaji wa daraja la nne la Denmark, watu wa kwenda kazini Jumatatu, kama ndondo yetu tu. Mechi ilipoisha walikuta karibu nusu ya nyuzi za misuli yao zimekwisha akiba kabisa au zimebaki na kidogo sana. Ndiyo maana mtu anaweza kuonekana mzima, anatembea, anaongea, lakini ukimwambia kimbia mita 20 kwa kasi, mguu unagoma. Nyuzi za kasi hazina kitu.

JIKO NDANI YA MSULI

Lakini glaikojeni ni kuni tu. Watu wawili wanaweza kuwa na kuni zinazolingana, mmoja akapika mpaka usiku na mwingine akamaliza saa tisa. Tofauti iko kwenye jiko.

Jiko la msuli linaitwa mitokondria. Ni kitu kidogo sana ndani ya seli, huwezi kukiona bila hadubini kali, na seli moja ya msuli inaweza kuwa nazo kwa mamia na hata maelfu. Oksijeni yote ile unayohema uwanjani, sehemu kubwa sana inakwenda kumalizikia humo.

Jinsi inavyofanya kazi, shabiki wa mpira ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa baiolojia. Ndani ya mitokondria kuna mchezo wa pasi fupi. Chakula kikishavunjwavunjwa, kinatoa elektroni. Elektroni ndiyo mpira. Inapigwa pasi kutoka kituo kimoja kwenda kingine, kituo cha mwisho kinamkabidhi mfungaji, na mfungaji siku zote ni oksijeni. Oksijeni ikiupokea mpira, inageuka kuwa maji. Hiyo kupokezana elektroni, huyu anatoa yule anapokea, ndiyo wanasayansi wanaiita ridoksi, na uhai wa seli umesimama juu yake.

Kwenye pasi hizo, vituo vinatumia nguvu ya mpira kusukuma chaji upande wa pili wa ukuta. Chaji zinajaa kama maji nyuma ya bwawa la Mtera, halafu zinarudi kwa kasi kupitia kitundu chenye kitu kinachozunguka kama tabo ya umeme. Kikizunguka kinatengeneza ATP, ndiyo fedha taslimu ya mwili, kila unachofanya unalipia kwa hiyo. Mwingereza Peter Mitchell alipoleta hoja hii ya bwawa mwaka 1961 wengi walimpinga. Mwaka 1978 akapewa tuzo ya Nobel, peke yake.

Sasa ukimkosa mfungaji, yaani oksijeni haifiki kwa wakati, au vituo ni vichache kuliko mipira inayokuja, msuli unatumia njia ya mkato. Unachoma sukari bila oksijeni. Njia hiyo ni ya haraka, ndiyo inayokupa ile mbio ya kumpita beki, lakini inakula kuni hovyo. ATP inayopatikana kwa kila punje ya sukari ni kidogo mno ukilinganisha na njia ya mitokondria. Kwa hiyo mchezaji mwenye mitokondria chache analazimika kutumia njia ya mkato mapema na mara nyingi. Dakika ya 30 anang’aa. Dakika ya 70 mikono magotini.

Habari njema ni kwamba jiko linaongezeka. Mwaka 1967 Mmarekani John Holloszy alionyesha hivyo kwa panya. Aliwakimbiza wiki hadi wiki, akiwaongezea muda, na mwisho uwezo wa mitokondria kwenye misuli yao ukawa karibu mara mbili ya panya waliokaa tu. Haikuwa suala la mapafu wala la moyo wa ushujaa. Msuli wenyewe ulikuwa umejenga majiko mapya.

ITEN, SHULE YA WATOTO WA KUKIMBIA

Hapo ndipo Saltin anarudi, na safari hii yuko kwetu Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikwenda Kenya, maeneo ya Eldoret na Iten, kujibu swali lililowaumiza Wazungu kichwa: kwa nini watu wa Bonde la Ufa wanamaliza medali za mbio ndefu? Alikwenda na wakimbiaji wa Sweden, wakashindanishwa na Wakenya kwenye uwanda wa juu, mita 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Wasweden walipata tabu, tena kutoka kwa vijana wa shule.

Matokeo ya vipimo yalitoka mwaka 1995, na hayakuwa yale ambayo watu wa vijiweni wangetegemea. Uwezo wa juu kabisa wa kutumia oksijeni wa Wakenya bora ulikuwa sawa tu na wa wakimbiaji bora wa Skandinavia. Kipo walichowazidi, tena ndani ya misuli. Kimeng’enya kimoja kinachofanya kazi ndani ya mitokondria, kile cha kuchoma mafuta, kilikuwa na nguvu zaidi kwa Wakenya, kama asilimia 20 hivi. Maana yake wanachoma mafuta, wanabakiza sukari kwa ajili ya mwisho wa mbio.

Lakini kilichonigusa mimi ni watoto. Wapo watoto wa Kenya ambao hawakuwa wanariadha kabisa. Waliokuwa wakikaa tu walipima 47 kwenye kipimo cha oksijeni. Wale waliokuwa wakienda shule kwa miguu au kwa kukimbia walipima kama 62. Hawakuwa na mwalimu wala saa ya kupimia, na vidonge ndiyo kabisa. Kilichokuwepo ni umbali kati ya nyumbani na shule.

Wanasayansi wengine, akiwemo Yannis Pitsiladis aliyekuwa Glasgow, walitafuta jibu kwenye ukoo. Mitokondria ina vinasaba vyake peke yake, na hivyo unavipata kwa mama yako tu. Baba hachangii kitu. (Wale akina baba wanaopenda kusema mtoto karithi pumzi zangu, poleni.) Mwaka 2005 walipima wanariadha wa Ethiopia, wakakuta koo zao za upande wa mama hazitofautiani na za raia wa kawaida. Mwaka 2009 wakapima Kenya, safari hii kukawa na tofauti, ukoo mmoja ulionekana zaidi kwa wanariadha wa kimataifa. Ethiopia hapana, Kenya ndiyo. Mimi naona kwa mwalimu wa Simbo jambo hilo halibadilishi programu ya Jumanne, mama wa mchezaji huwezi kumsajili upya.

Kinachobadilisha programu ni hiki. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapa vijana zoezi fupi la kikatili kwenye baiskeli ya mazoezi: sekunde 30 kwa nguvu zote, dakika nne za kupumua, unarudia mara nne hadi saba. Wiki mbili, mazoezi sita tu. Kabla ya hapo waliweza kuendesha kwa kasi fulani dakika 26 kabla ya kuchoka. Baada yake walifika dakika 51. Walipopima misuli, dalili ya mitokondria ilikuwa imepanda vizuri. Kilima cha kufanyia hivyo ukiwa Kigoma huhitaji kukitafuta.

CHECHE

Tufike sasa kwenye vidonge.

Kwenye ule mchezo wa pasi, si kila pasi inafika. Mara chache mpira unanyang’anywa njiani, elektroni moja inachopoka na kuirukia oksijeni isiyokuwa mahali pake. Inazaliwa kitu kinachoitwa supaoksidi, mmojawapo wa wale wanaoitwa radikali huru. Nitaziita cheche, maana zinafanya kama cheche za jiko: zikiwa nyingi zinaunguza. Zinaharibu kuta za seli, zinaharibu protini, zinaharibu hata vinasaba.

Mwili una zimamoto wake. Mwaka 1969 Wamarekani Joe McCord na Irwin Fridovich walimgundua mmoja wa muhimu, kimeng’enya kinachoikamata supaoksidi na kuigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi, ile ile dawa inayotoa povu wanapokusafisha kidonda zahanati. Kisha zimamoto wengine wanaigeuza peroksaidi kuwa maji. Kazi imeisha.

Mwaka 1982 watafiti wa Berkeley, California, walionyesha kwamba panya aliyekimbizwa mpaka akachoka kabisa, cheche kwenye misuli yake zinapanda mara mbili hadi tatu. Watu wa biashara wakasikia nusu ya habari. Kama mazoezi yanaleta cheche na cheche zinaunguza, basi mwanamichezo auziwe kitu cha kuzima. Vitamini C na vitamini E zinazima cheche, hilo ni kweli kabisa. Makopo yakajaa madukani dunia nzima, na mwisho wa safari yake wazo lile likafika Simbo likiwa limekunjwa kwenye karatasi mfukoni mwa winga.

Nusu ya pili ya habari watu hawakuisoma. Watafiti wale wale wa Berkeley waliandika kwamba huenda cheche hizo ndizo zinazouambia msuli ujenge mitokondria mpya.

Fikiria refa. Kelele za filimbi zinakukera, lakini ukimnyang’anya filimbi mechi haiendi. Cheche za mazoezi ni filimbi. Msuli unasikia cheche, unajua leo kazi ilizidi jiko, unawasha swichi za kujenga majiko zaidi. Ukimeza kopo la kuzima cheche kabla ya mazoezi, umemziba refa mdomo.

Hilo halikubaki kuwa nadharia. Mwaka 2008 kundi la Valencia, Hispania, likiongozwa na Mari Carmen Gomez-Cabrera, liliwafanyisha panya mazoezi, wengine wakipewa vitamini C nyingi. Panya wasiopewa waliongeza muda wa kukimbia kwa kiasi kikubwa sana. Waliopewa waliongeza kidogo tu, na mitokondria zao hazikujengeka kama za wenzao.

Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani wakapima watu, vijana wa kiume kama 40, mazoezi ya wiki nne. Nusu walimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E. Wasiomeza, miili yao ilianza kutumia sukari vizuri zaidi, faida ambayo tunaitegemea kwenye mazoezi. Waliomeza hawakuipata.

Mwaka 2014 Wanorwe wakafanya la kwao, wiki 11, wanaume na wanawake 54, na hapa lazima niseme ukweli wote maana kwenye mpira tunajua mtu anayesimulia mechi kwa kuruka mabao ya wapinzani. Dalili za mitokondria mpya ziliongezeka kwa wasiomeza vitamini, kwa waliomeza hazikuongezeka. Lakini walipopimwa kwa kukimbia, makundi yote mawili yalikuwa yameboreka kwa kulingana. Kwa hiyo mtu akikuambia vitamini C itakuua pumzi ndani ya wiki mbili, naye anauza kitu. Kilichothibitika ni kwamba kumeza dozi kubwa kila siku hakukuongezei pumzi, na kuna dalili nzuri kwamba kunaupunguzia msuli sababu ya kujijenga. Kwa kijana anayekatisha chakula ili anunue vidonge, hiyo ni hasara mara mbili.

Na tusichanganye chungwa na kopo. Vidonge viwili vya miligramu 500 vimeshafikia ile dozi ya Wajerumani. Kula machungwa ya kuifikia, utakula zaidi ya kumi.

KILICHOPO SIMBO

Kinachochekesha, au kinachokera, ni kwamba dogo anafanya kazi ndani ya vitamini halafu ananunua vitamini. Mawese mabichi mekundu yana vitamini E nyingi, na wekundu wenyewe ni karotini, mali ghafi ya vitamini A. Vyote viwili ni zimamoto, lakini kwa kiwango cha chakula. Hakuna anayekunywa mawese kikombe. (Ukiyaunguza jikoni mpaka yakawa meupe, karotini imekwenda na moshi. Najua ladha yake wengine ndiyo wanaipenda.)

Na lile alilokosa kweli, yaani wanga, limejaa kijijini. Ugali wa muhogo, viazi, ndizi, wali. Paja lililomalizwa na mechi ya Jumamosi linahitaji siku nzima au zaidi ya kula vizuri kujaza akiba. Mechi ya Jumapili baada ya ile ya Jumamosi, na kazi ya mawese katikati, hesabu haiwezi kukubali hata umtafunishe kopo zima.

Mwalimu alinisikiliza akiwa anachora mistari chini kwa kijiti. Hakukubali haraka, na nilimpenda kwa hilo.

“Sawa. Lakini hao wa Denmark wana watu wa kuwapikia. Huyu asipokwenda kukamua mawese, nyumbani hawali. Nimwambie nini?”

Sikuwa na jibu la hilo. Nilimwambia ninalolijua: kama ni lazima kuchagua, aache ile mechi ya Jumamosi, asiache chakula. Mazoezi yake ya wiki yawe mafupi na makali, kilimani, mara tatu. Na asimlaze kabisa akiumia kidogo, maana Saltin huyo huyo, kwenye utafiti uliotoka mwaka 1968, aliwalaza wanafunzi watano wa Dallas kitandani wiki tatu tu, wakapoteza zaidi ya robo ya uwezo wao wa kutumia oksijeni. Miaka 30 baadaye waliitwa tena wakapimwa. Zile wiki tatu za ujanani ziliwaumiza kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

“Miaka 30?” Mwalimu akarudia.

“Ndiyo.”

“Basi mimi nililazwa miezi miwili kwa goti.” Akanyamaza. Halafu akacheka peke yake.

Mechi iliisha 2-1, wageni wakashinda, mabao yote mawili baada ya dakika ya 75, yote yamepitia upande wa kushoto ambako dogo hakurudi kukaba. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti. Alikaa kwenye nyasi akifungua viatu, nikaenda nikakaa naye, nikamweleza habari ya cheche na filimbi kwa ufupi niwezavyo. Alisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mjomba aliyekuja kwa siku moja.

“Kwa hiyo kaka, hivi nitupe?”

Mwalimu akajibu kabla yangu. “Usitupe. Ila kesho kabla hujaja mazoezini, pita kwangu. Shemeji yako anapika ugali saa sita.”

Dogo akaikunja ile karatasi taratibu, akairudisha mfukoni, akauliza kama kutakuwa na dagaa.